Wazee walisema jua limehama

Nimepotea kidogo, test zilibana na bumu nalo likachelewa kama kawaida yake, lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu nitoke field, na leo lazima nikiseme.

Iko hivi. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Form One, Jiografia, mada ya mfumo wa jua. Desa langu safi kabisa, siku 365 na robo, mchoro wa dunia ubaoni. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza: "Mwalimu, bibi yangu huwa anaangalia Kilimia ndo anajua muda wa kulima umefika. Ni kweli?" Darasa zima likacheka. Na mimi, kwa vile supavaiza alikuwa amekaa pale na fomu yake ya maksi, nikamjibu kwamba nyota hazileti mvua, tuendelee. Akakaa. Hakuuliza tena mpaka naondoka.

Kumbe swali lake ndilo lilikuwa somo lenyewe! Kilimia kuonekana alfajiri au jioni kunategemea dunia imefika wapi katika kulizunguka jua. Bibi hakusema nyota zinaleta mvua, alikuwa anasoma kalenda.

Sasa, kilichonifumbua macho ni filamu ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini kabisa mwa Kanada. Inaitwa Qapirangajuq, ya mwaka 2010. Wameitengeneza Zacharias Kunuk, Mwinuit wa kisiwa cha Igloolik, na mtafiti wa Kanada, Ian Mauro. Watu wanaongea Kiinuktitut mwanzo mwisho, sisi wengine tunasoma maandishi ya chini. Wazee na wawindaji wanaeleza walivyoona hali ya hewa ikibadilika: barafu, upepo, sili, dubu. Halafu wanafika kwenye jua. Watu wa vijiji vilivyo mbali kabisa na vingine wanasema jua halizami tena pale lilipokuwa linazama. Wengine wakahitimisha kwamba dunia imeinama kwenye mhimili wake.

Hebu fikiria, Igloolik jua linapotea kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Watu wa namna hiyo jua likirudi wanalikodolea macho kuliko mimi na wewe tunavyosubiri bumu.

Mahojiano yalipoanza kuonekana, kuna wanasayansi walikuja juu. Haiwezekani, mhimili haujainama, vipimo vipo. Na ni kweli haujainama. Mimi na desa langu tungefunga mjadala hapo hapo. Lakini waliorekodi hawakuifuta sehemu hiyo, na maelezo yakaja kupatikana: mwanga. Hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa baridi iliyolala kwenye barafu, mwanga wa jua unapinda, na jua linaonekana mahali ambapo lenyewe halipo. Hewa ya kaskazini ikibadilika joto, na picha ya jua inahama. Ni ile ile mada ya kupinda kwa mwanga tuliyokariri kwa penseli ndani ya glasi ya maji.

Tena si mara ya kwanza watu kubishiwa kwa hilo. Januari 1597 mabaharia wa Kiholanzi wa Willem Barentsz, waliokwama kwenye barafu ya Novaya Zemlya, waliona jua wiki mbili kabla ya wakati wake. Walipofika kwao wengi hawakuwaamini.

Ninachosema ni kwamba kuona na kueleza ni vitu viwili. Wazee waliona sawasawa, wakakosea sababu. Ingekuwa dodoso la utafiti lenye viboksi vya kuweka tiki, kiboksi cha jua kisingekuwepo na habari ingeishia hapo. Kamera ilikuwa mikononi mwa mtu wa kwao, kwa lugha yao, mzee akaongea mpaka akamaliza.

Na kamera hiyo hawakuletewa na mfadhili. Igloolik walipiga kura mara mbili, 1975 na 1979, kuikataa televisheni, kwa sababu haikuwa na kipindi hata kimoja kwa lugha yao. Kunuk mwenyewe alikuwa mchongaji, mwaka 1981 akauza vinyago vyake Montreal akanunua kamera ya video. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakaanzisha kampuni yao, Isuma. Siku hizi kuna programu ya simu iitwayo SIKU (kwao neno hilo maana yake ni barafu ya baharini, msichanganye na kalenda), iliyozinduliwa 2019. Mwindaji anapiga picha ya barafu, anaandika jina lake kwa lugha yake na hali aliyoikuta, mwenzake anajua pa kupita na pa kukwepa.

Rum-meti wangu, mtu wa Fizikia, kanibana: kwa hiyo tufundishe imani za wazee darasani? Hapana bwana. Mzee akisema dunia imeinama, tunapima. Hata kwenye filamu, sehemu ya dubu wanaposema hawapungui, sikuimeza yote. Lakini utapimaje jambo ambalo umemcheka aliyelisema? Halafu sisi ndio tunaoimba kwenye mitihani ya mbinu za kufundisha, "anza na kinachojulikana kwenda kisichojulikana." Tunapata A, tukifika field tunamwambia mtoto hiyo haimo kwenye silabasi.

Field ijayo nataka kujaribu kitu. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo nitatumia yangu: tunakwenda kwa bibi au babu mmoja wa karibu na shule, watoto wanauliza, tunarekodi, tunarudi darasani kuchambua kipi kimeonwa na kipi ni maelezo, na tutakipimaje. Supavaiza akininyima maksi, basi.

Yule binti sasa yuko Form Two. Jana nimemwandikia mwalimu wa Jiografia wa pale, nikamwomba amwambie kwamba jibu la swali lake lilikuwa ndiyo.