Mfanyabiashara, mfungulie mlango mwanafunzi wa Rohero

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi akishuka kutoka kampasi ya Mutanga hadi Rohero, anakuta benki, maduka na ofisi. Akisogea hadi Buyenzi, anasikia Kiswahili cha biashara, tofauti na Kifaransa cha darasani. Anapita tu, kwa kuwa hakuna anayemkaribisha.

Tunapoteza sote. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Bidhaa zilizoorodheshwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka mpaka kwa cheti rahisi cha asili. Hata hivyo, bado wapo wanaomlipa kishoka awajazie karatasi hiyo.

Kijana huyu anajua hesabu, na Kifaransa chake kinafaa Uvira. Asichojua ni bei, mizani na namna ya kupatana na muuzaji wa Kigoma. Mpe siku mbili kwa wiki dukani kwako, umlipe nauli na chakula. Atakuwekea daftari sawa, nawe utamfundisha soko.

Tusipofanya hivyo, atahitimu akiwa mgeni katika soko lililo mlangoni kwake, nasi tutaendelea kumlipa kishoka.