Wana wa Maruta walisema kweli

Nafundisha historia hapa Bwegera, kando ya barabara ya Uvira na Bukavu, na somo la Richard Burton ndilo wanafunzi hawataki liishe. Wana haki. Mwingereza huyu aliingia jeshi la Bombay mwaka 1842, akajua lugha zaidi ya 20, akafika Makka mwaka 1853 akijifanya tabibu Mwislamu. Miaka miwili baadaye, huko Berbera, mkuki ulimpenya mashavu yote mawili. Akawa konsuli Fernando Po, Santos, Damascus na Trieste. Syria alichunguza mawe ya Hama yenye maandishi ya kale. Mwaka 1876 akatoa kitabu juu ya mambo ya kale ya Bologna. Kisha akafasiri Alfu Lela Ulela. Maisha ya watu kumi.

Mimi namdai jambo moja tu, nalo lilitokea kwetu.

Aprili 1858 alifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, pamoja na wenzake wa safari, John Speke na Sidi Mubarak Bombay. Ulimi wa Burton ulikuwa na vidonda hata kusema kulimtesa. Swali lao lilikuwa moja: mto Ruzizi unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Wana watatu wa chifu Maruta walikuja kuwatazama, wakaulizwa, wakajibu bila kusita kwamba unaingia. Wapiga kasia waliogopa watu wa mbele, wakakataa kuendelea, na safari ikaishia hapo. Burton mwenyewe aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Basi mwaka 1864, Speke akiwa amekwisha kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, Burton aligeuka. Akatetea kwamba maji ya Tanganyika yanatoka kaskazini kuelekea Nile. Uvira hakuwa amerudi. Alikuwa ameshindana na Speke juu ya chanzo cha Nile, na ushindani ukalifunika jibu alilopewa na wenyeji.

Mkulima yeyote wa mpunga wa bonde hili angemsahihisha. Ziwa Kivu, mto unakotoka, liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, Tanganyika kama mita 770. Maji yanashuka Kamanyola, yanapita bondeni kwetu, yanaingia ziwani. Novemba 1871 wasafiri Livingstone na Stanley walikwenda mpaka mdomoni mwa mto, wakayaona yakiingia. Ilikuwa imepita miaka 13, na ulimwengu ukawaamini wao.

Hilo ndilo linaloniuma. Heshima ya ugunduzi wamepewa waliokuja kuthibitisha, nao waliotoa jibu hawatajwi darasani.

Walimu wenzangu wa Uvira, Sange na Luvungi, jibu la wana wa Maruta lifundisheni kwanza, ndipo mfike kwa Stanley. Nanyi wazee wa Bavira mnaoshika habari za ukoo wa Maruta, waiteni vijana wanaojua kuandika, ziandikwe mngali hai.