Mashine Kuukuu, Mkopo wa Riba na Kijana wa Rusumo



Barua ya wiki hii imetoka Rusumo, wilayani Ngara, mpakani na Rwanda. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, ambaye mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kwa hiyo mambo mengi ya nyumba yao huamuliwa kwa simu. Mwanawe wa kwanza amemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo. Tangu aanze kusaidia kazi katika ofisi ya wakala wa forodha, ameshikwa na shauku ya kuzijua seva, yaani zile kompyuta zisizolala ambazo ndani yake hukaa taarifa za mizigo, hesabu za benki na hata ujumbe tunaotumiana kila siku. Ameona namna shughuli zinavyosimama pindi mtandao unapokwama, akajiuliza ni nani hasa anayeitwa kwenda kuuamsha. Anataka awe mmoja wa hao.

Tatizo ni fedha. Kijana ametumiwa picha ya seva ya mtumba, pana na nzito kama sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, kwa bei ya Sh. 900,000. Mama anazo Sh. 250,000, akiba ya biashara yake ya vitenge. Kikoba chao kiko tayari kumkopesha zilizosalia, kwa sharti la kurudisha na nyongeza ya asilimia 10. Anauliza mambo mawili: je, nyongeza hiyo ni riba hata kama mwisho wa mwaka wanagawana wanachama wenyewe? Na je, hakuna njia nyingine ya kumsaidia mtoto?

La kwanza tulijibu kwa ufupi. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, na kugawana ziada hiyo baadaye hakuibadilishi jina. La pili linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu jibu lake ni kwamba ile mashine yenyewe haimfai kijana, hata kama angepewa bure.

Seva za aina ile zimetengenezwa kwa ajili ya vyumba maalumu vyenye viyoyozi na umeme usiokatika. Feni zake ni ndogo, nyingi, na huzunguka kwa kasi ya kutisha. Mwandishi wa safu hii anasema kwa uzoefu: miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja kwa muuzaji mmoja mjini, nikaiweka sebuleni kwa furaha, na usiku wa kwanza watoto waliamka wakidhani mashine ya kusaga imehamia ndani. Siku ya nne mwenye nyumba wangu, namaanisha mama watoto, alinionyesha mita ya Luku bila kusema neno.

Hesabu ni hii. Seva kama ile ikila wati 200, ukiiacha usiku na mchana itakula yuniti 4.8 kwa siku, sawa na 144 kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya kawaida ikifanya kazi ya useva, skrini ikiwa imezimwa, inaweza kula wati 20 au pungufu. Hiyo ni yuniti 14 na kidogo kwa mwezi. Ni kweli kwamba maporomoko ya Rusumo sasa yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na nyaya zake zimepita kwenda Nyakanazi wilayani Biharamulo. Lakini kuishi jirani na mtambo hakumpunguzii mtu bei ya yuniti.

Kompyuta mpakato ina faida ya pili ambayo watu huisahau. Betri yake, hata iliyochoka ikabaki na uwezo wa nusu saa tu, ni kinga tosha umeme unapokatika ghafla. Mwanafunzi anapata muda wa kuizima kwa utaratibu, na diski haiharibiki.

Sasa, kwa nini zipatikane kwa bei nafuu wakati huu? Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazina. Ofisi na shule zinazofuata utaratibu zinalazimika kuziondoa mashine hizo, ingawa kwa umbile bado ni nzima. Linux haijali hayo. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na umetolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuunakili na kuubadilisha bila malipo. Seva nyingi za duniani zinautumia huohuo. Kijana atakayejifunza kwenye kompyuta ya mwaka 2014 atakuwa akiandika amri zilezile atakazoziandika kwenye seva kubwa ya kazini.

Kwa familia ya Kiislamu kuna jambo jingine hapa. Wengi wetu tumezoea kuwekewa mitaani nakala za programu zilizovunjwa kufuli, tukijiambia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, liliamua katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 kuwa haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Mwenye kutumia Linux anaondokana na shaka hiyo tangu siku ya kwanza.

Pa kutafutia. Aanze nyumbani na kwa jamaa. Kabati ngapi zina kompyuta mpakato iliyovunjika skrini, ambayo fundi alisema kuitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine? Hiyo ndiyo anayoihitaji. Seva haihitaji skrini. Ataiunganisha na televisheni ya nyumbani kwa waya siku ya kuweka Linux, na baada ya hapo ataiongoza kwa mbali, hata kwa simu. Iliyoharibika kibodi pia inafaa, kwani kibodi ya nje si ghali. Kisha aulize ofisi za mawakala, shule na mashirika, kuanzia Rusumo na Kabanga hadi Ngara mjini na Biharamulo, kama kuna mashine zilizowekwa stoo. Aulize kwa adabu na kwa mwenye mamlaka ya kuuza, maana mlinzi au karani hana haki ya kuuza mali ya ofisi hata kama imejaa vumbi.

Kama ni kununua dukani, baba anayepita Kahama, Dodoma na Dar es Salaam kila mara yuko katika nafasi nzuri kuliko kijana anayetazama picha kwenye simu. Akague mambo machache. Kompyuta iwe ya biti 64, kwa kuwa hata Debian, iliyokuwa ikizihurumia mashine za biti 32 kwa miaka mingi, iliacha kutoa mfumo wa kusakinisha kwenye mashine hizo katika toleo lake la 13, Agosti 2025. Ramu ya gigabaiti 4 inatosha kuanzia. 8 ni bora, kwa sababu zitamwezesha kuendesha seva tatu za kufikirika ndani ya mashine moja na kuona zinavyozungumza. Atazame kama betri imevimba na kuinua kibodi. Ikiwa hivyo asiichukue, ni hatari ya moto. Aiwashe, aizime, aiwashe tena. Na ikiuliza neno la siri kabla hata Windows haijaanza kufunguka, huku muuzaji akisema halikumbuki, airudishe mezani na kuondoka.

Dalili hiyo ya mwisho mara nyingi humaanisha kwamba mashine ina mwenyewe mahali fulani, analia. Bei ya kutupa inayotolewa usiku stendi, bila chaja wala mkoba, nayo vilevile. Kununua kitu ukijua au ukidhania kwa nguvu kwamba kimeibwa ni kumsaidia mwizi. Dawa yake ni maandishi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inaagiza kuandika madeni na inahimiza kuweka mashahidi mnapouziana. Kwa kompyuta, karatasi moja inatosha: majina ya wanaouziana, namba ya mashine iliyo chini yake, kasoro zilizotajwa, bei na shahidi. Dukani adai risiti.

Nimetaja kasoro makusudi. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira na kuitoa Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta ndani kuna unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone. Muuzaji wa mtumba anayejua kwamba diski inagonga au kompyuta huzimika ikipata joto, akanyamaza, amefanya kilekile. Na mnunuzi akigundua kasoro iliyofichwa, fiqhi inampa haki ya kurudisha. Ila mnunuzi naye asije akanunua iliyovunjika skrini kwa bei ya kuvunjika skrini, kisha akarudi wiki ya pili akilalamika kuhusu skrini.

Kwa kuwa Rusumo ni mpakani, kijana atashawishika kuvuka daraja na kutafuta upande wa pili. Hakuna ubaya. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, ambako kompyuta zinazotengenezeka hufufuliwa. Lakini akirudi nayo aitangaze forodhani pamoja na risiti yake, japo ni ndogo na inaenea begani. Kijana anayetaka kuaminiwa na taarifa za forodha za watu hawezi kuanza safari yake kwa njia za panya.

Jambo la mwisho kabla ya kuisakinisha. Diski ya mtumba aghalabu huwa na mambo ya mtu: picha za harusi, barua, vyeti vya hospitali. Asifungue. Hiyo ni sitara ya mwenzake iliyomfikia bila idhini. Afute diski nzima wakati wa kuweka mfumo mpya. Na ofisi zinazouza mashine zake zifute kwanza, maana taarifa za wateja ni amana.

Programu ya kusakinisha Debian kwa njia ya mtandao haifiki gigabaiti moja, hivyo bando dogo linatosha kuipakua. Programu nyingine zitaongeza matumizi kidogo kidogo. Aiweke kwenye flashi kwa kompyuta ya ofisini, kwa ruhusa ya bosi wake.

Kuhusu la kujifunzia, ninamshauri asibuni mchezo. Aende madrasa ya mtaani kwao, aombe ruhusa ya kuweka mashine yake pamoja na kisambaza mtandao kidogo. Aijaze visomo vya Qur'an, mihadhara ya masheikh wao na masomo ya watoto, ili wanafunzi na wazazi wavipate kwa simu zao wakiwa pale bila kutumia bando. Kupitia programu ya Kiwix anaweza kuongeza Wikipedia ya Kiswahili nzima, isomwe bila intaneti. Hapo atajifunza kinachojifunzwa na mafundi wa seva wenyewe: kuwapa watu ruhusa tofauti, kuzuia wasiotakiwa, kuhifadhi nakala, na kuamshwa saa mbaya kwa sababu kitu kimegoma kabla ya darsa la Jumamosi. Nakala za akiba azitunze kwenye diski nyingine, nyumba nyingine, kwani mashine kuukuu hufa bila kuaga.

Mama yetu wa Rusumo, mwambie baba watoto asitoe neno kwa yule mwenye seva ya Sh. 900,000. Kikoba kiambieni shukrani, hamtachukua. Katika hizo Sh. 250,000 tengeni kwanza ya kibodi, flashi na waya wa televisheni, kisha mtafute mashine kwa kinachobaki. Ikipatikana ya bure kwa jamaa, zilizosalia zirudi kwenye vitenge.