Injini ya dizeli ndani ya pikapu ya petroli: Hesabu ya zamani yaanza kugoma

Kwa miaka mingi mmiliki wa pikapu kuukuu ya petroli jijini Dar es Salaam aliyechoshwa na gharama za mafuta alikuwa na dawa moja inayofahamika: kuing'oa injini ya petroli na kuweka ya dizeli. Kazi hiyo imewalisha mafundi wengi wa Gerezani na wauza injini za mtumba kutoka Japani na Dubai. Imewawezesha pia wafanyabiashara wengi wa mbogamboga, saruji na vinywaji kubaki barabarani na magari ambayo wenzao walikwisha kuyakatia tamaa.

Hata hivyo, mazingira yaliyoifanya kazi hiyo kuwa na faida ya wazi yamebadilika kwa kiasi kikubwa, na anayetaka kuifanya leo anapaswa kupiga hesabu upya.

Gari linalohusika mara nyingi ni Toyota Hilux iliyoundwa kabla ya mwaka 1997. Namba ya chesisi yenyewe hueleza lilivyozaliwa. Herufi RN au YN humaanisha kwamba lilitoka kiwandani na injini ya petroli, na LN humaanisha dizeli. Kwa kuwa magari hayo mapacha yana fremu inayokaribia kufanana, injini za dizeli za jamii ya L, yaani 2L yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986, hukaa ndani ya fremu hiyo bila kuilazimisha sana. Ndiyo sababu fundi mzoefu huifanya kazi hiyo bila mchoro wowote mezani.

Sababu ya kiufundi ya kuipenda dizeli haina ubishi. Injini ya petroli ya wakati ule hushindilia hewa mara tisa hivi, ilhali ya dizeli huishindilia takriban mara 22, na kadiri hewa inavyoshindiliwa ndivyo kila tone la mafuta linavyofanya kazi zaidi. Lita moja ya dizeli pia hubeba nishati nyingi kuliko lita moja ya petroli. Matokeo yake ni gari linalokwenda mbali zaidi kwa lita moja na linalovuta mzigo kwa mzunguko wa chini, ingawa mwendo wake hupungua. Anayetarajia kupata wepesi zaidi kutoka kwa 2L atavunjika moyo, kwa kuwa nguvu zake za farasi ni pungufu kuliko za 22R ya petroli.

Kilichogeuka ni bei. Tangu Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ianze kutangaza bei kikomo Januari 2009, madereva walizoea kuiona dizeli ikiwa chini ya petroli. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ilipunguza ushuru wa dizeli na kuupandisha ule wa mafuta ya taa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita, lengo likiwa kukomesha uchakachuaji. Hatua hiyo iliwasaidia wenye dizeli kwa namna mbili. Bei yao ilipata nafuu, na kishawishi cha kuchanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli kikapungua. Pampu inayosukuma mafuta kwenye nozeli hulainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake, na mafuta ya taa, kwa wepesi wake, huiacha ikisagika. Wengi waliobadilisha injini miaka ile walikula hasara kwa sababu ya kituo walichonunulia mafuta, si kwa kosa la fundi.

Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye ushuru wa mafuta. Ni jambo ambalo halikuzungumzwa sana gereji, lakini lina uzito. Ada ile ilipangwa kwa ukubwa wa injini, hivyo aliyetoka kwenye petroli ya lita mbili kwenda 3L aliweza kujikuta katika kundi la juu zaidi. Tangu wakati huo serikali inamtoza kwa kila lita anayochoma, na mwenye injini inayobana mafuta ndiye mwenye nafuu.

Kisha ukaja mwaka 2022. Vita ya Ukraine ilitikisa soko la dizeli duniani kuliko soko la petroli, na hata baada ya serikali kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kuanzia Juni mwaka huo, dizeli jijini ilifikia kuuzwa ghali kuliko petroli kabla mwaka haujaisha. Bei hupanda na kushuka kila mwezi, lakini somo lililobaki ni kwamba tofauti ile ya bei si haki ya kudumu ya mwenye dizeli. Faida ambayo mtu anaweza kuitegemea ni ya ulaji mdogo peke yake.

Tuchukue mfano wa kukisia. Pikapu inayokula lita 14 za petroli kwa kilomita 100 inawekewa dizeli na kushuka hadi lita 10, bei zote mbili zikiwa Sh3,000. Ikitembea kilomita 2,500 kwa mwezi, mmiliki anaokoa lita 100, yaani Sh300,000. Kama kazi nzima ilimgharimu Sh6 milioni, fedha zake zinarudi baada ya miezi 20. Dizeli ikizidi petroli kwa Sh200, akiba inashuka hadi Sh250,000. Lakini kwa yule anayezunguka Kariakoo na Ilala, kilomita 1,000 kwa mwezi, akiba ni Sh120,000 tu bei zikiwa sawa, na itamchukua zaidi ya miaka minne kurudisha fedha zake, kwenye gari ambalo bodi yake huenda isifike huko.

Gharama hiyo ya kazi nzima ndipo penye mtego. Bei anayotajiwa mteja siku ya kwanza mara nyingi ni ya injini na ufundi. Nyuma yake hufuata redieta kubwa zaidi, betri yenye nguvu ya kuzungusha injini nzito, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, kichujio cha kutenga maji, waya za plagi za kupasha joto, springi za mbele, na pengine gia boksi na difu, kwa kuwa dizeli haizunguki kwa kasi ya petroli.

Katika orodha hiyo kuna kifaa kimoja kisichostahili kuachiwa mapatano ya bei. Breki za pikapu hizi husaidiwa na mvuto wa hewa. Injini ya petroli huuzalisha mvuto huo yenyewe kwenye njia yake ya kuingizia hewa, lakini ya dizeli haina mvuto wa kutosha, na kwa injini za jamii ya L kazi hiyo hufanywa na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya alteneta. Fundi akiweka alteneta ya gari jingine ili kuokoa fedha, au mpira wa pampu ukitoboka, gari litawaka na kutembea vizuri kabisa. Kasoro itajitokeza siku dereva atakapokanyaga breki akiwa na tani moja mgongoni na kukuta kanyagio gumu kama jiwe. Wanaovuka barabara hawakuwapo wakati wa mapatano yale gereji.

Suala la nyaraka nalo hupuuzwa hadi lilete maumivu. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta. Injini ikibadilika na kadi ikabaki ya zamani, mmiliki hupata taabu anapouza gari, anapokaguliwa, na zaidi ya yote anapodai bima baada ya ajali. Bila risiti ya injini wala hati za kuingizwa kwake nchini, ni vigumu kuthibitisha kwamba haikutolewa kwenye gari la wizi. Wapo wanaoukwepa utaratibu kwa makusudi, lakini wapo pia wanaoukimbia kwa kuogopa usumbufu. Serikali ingewavuta hawa wa pili kwa kuunganisha ukaguzi wa polisi na marekebisho ya kadi katika hatua moja, mkaguzi akianzia kwenye breki badala ya kuishia kwenye namba.

Kuna pia moshi. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo Januari 2015, nayo ni hatua njema, lakini nozeli zilizochoka za injini ya mtumba bado hutapika masizi katika foleni ya Mandela kama zamani.

Wakati huo huo mwenye petroli amepata njia nyingine. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2004, sasa inaendesha magari mengi ya jijini, na gari la petroli hufungiwa mtungi bila kung'oa injini, likibaki na uwezo wa kurudi kwenye petroli gesi inapokosekana. Pikapu hupoteza nafasi ya mzigo kwa ajili ya mtungi, na foleni za kujaza zimekuwa kero. Lakini injini ya dizeli haina plagi za cheche, na kuigeuza itumie gesi ni kazi kubwa zaidi. Anayeitupa injini yake ya petroli leo anaifunga pia njia hiyo.

Kwa msafirishaji wa Ifakara au Tunduru, mbali na vituo vya gesi na mwenye kilomita nyingi kila wiki, dizeli bado ina hoja nzito. Kwa mwenye pikapu ya mjini, ni vyema akaanza na kuisafisha kabureta, kurekebisha plagi na kupima ulaji wa mafuta kwa mwezi mmoja, kabla ya kwenda Gerezani kuulizia bei ya 3L.