Vali Mpya Si Dawa ya Masizi
Wafanyabiashara wa Ng'ambo, Tabora, wanaosafirisha asali na tumbaku kwa magari ya dizeli wanapoteza mtaji wakinunua vali mpya ya EGR kila taa ya injini inapowaka. Kazi ya vali hiyo ni kurudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza gesi zenye sumu. Ikijaa masizi, kuibadili pekee hakutoshi. Chanzo huweza kuwa nozeli zinazovuja, filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, mpira wa vakyumu uliopasuka au waya uliokatika. Kuiziba kwa bati huficha ugonjwa tu. Uchunguzi ulipiwe kwanza, spea baadaye. Gari likilala gereji wakati wa msimu, faida huenda kwa mwenye gari zima.