Ukuta Si Sehemu ya Mchezo

Kuna imani zinazodumu kwa sababu ya umri wake tu, wala si kwa sababu yuko mtu aliyewahi kuzipima. Na katika jumla ya hizo imo ile iliyoenea hapa kwetu Likasi, kama ilivyoenea Lubumbashi na Kolwezi, ya kwamba gofu ni mchezo wa mabwana, ulioumbwa kwa ajili ya wakuu wa kampuni na wageni wao, na kwamba mtu wa Kikula au wa Panda, mitaa ya mji huu, hana haja nao wala hana haki kwao. «Ile njo mambo ya babosi, haiko ya sisi»: ndivyo wasemavyo watu, na neno hilo hulisema bila uchungu na bila tashwishi, maana jambo lililokwisha kukubaliwa na aliyeonea na aliyeonewa pia huwa halina tena wa kulibishia.

Imani hiyo huamka kila inapotajwa biashara moja iliyokwisha kuota mizizi Marekani, Ulaya na Asia, nayo ni kukodisha mashine za kuigiza gofu, zile ziwezazo kukunjwa, kupakiwa garini na kusimamishwa ukumbini au uani mwa mtu kwa muda wa karamu, kisha zikaondoka jioni pamoja na viti na maturubai. Mtu akiuliza kwa nini mashine ya namna hiyo isikodishwe katika arusi zetu, katika kermesse za parokia au katika sherehe za 1 Mei, atajibiwa na makundi mawili. La kwanza litasema kwamba hiyo ni anasa ya matajiri na kwamba masikini asijitie katika yasiyomhusu. La pili, lililo dogo kwa hesabu lakini kubwa kwa sauti, kwa kuwa limewahi kukanyaga majani ya gofu Lubumbashi au ng'ambo, litasema kwamba mashine ni ghushi na kwamba gofu ya kweli haichezwi ila penye majani. Makundi haya hudhani kwamba yanapingana. Mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yameuchukua uwanja yakauita mchezo, kisha yakauchukua ukuta yakauita uwanja.

Na tuanze na asili, kwa kuwa adaiye kwamba kitu ni cha mabwana tangu kuumbwa kwake hana budi kuupokea ushahidi wa kuumbwa huko. Mwaka 1457 baraza la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu na kandanda kwa pamoja, kwa hoja kwamba michezo hiyo miwili iliwashughulisha raia hata wakapuuza mazoezi ya upinde na mshale yaliyohitajika vitani. Serikali haitungi sheria ya kuwazuia matajiri wachache wasicheze uani mwao. Marufuku huwekwa juu ya jambo lililokwisha kuwa la wengi. Gofu ya wakati ule ilichezwa juu ya ardhi ya mchanga iliyopakana na bahari, isiyofaa kwa jembe, ambamo watu walichunga wanyama wao na kupumzika. Na mjini St Andrews, mwaka 1552, Askofu Mkuu John Hamilton alithibitisha kwa hati haki ya wenyeji ya kucheza papo hapo. Uwanja ule wa kale ni wa umma hata leo, na siku ya Jumapili aghalabu hufungwa kwa wachezaji ili watu wa mji watembee juu yake pamoja na watoto na mbwa wao. Basi huko ulikozaliwa mchezo huu, mahali pake palipo patukufu kuliko pote hapana ukuta, na mwenye kusema kwamba ukuta ni tabia yake anausingizia.

Ukuta ulikuja baadaye, kwa mkono wa vilabu na wa dola, na ulipofika huku kwetu Katanga ulikuta nchi inayopangwa kwa rangi za watu. Elisabethville, kama Lubumbashi ulivyoitwa zamani, ulioanzishwa mwaka 1910, ulitenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu uliowekwa makusudi. Na Jadotville, kama mji wetu ulivyoitwa siku hizo kwa heshima ya Jean Jadot wa kampuni ya madini ya Union Minière, haukujengwa kwa fikira nyingine. Katika miji ya namna hiyo, mchezo unaodai hekta 50 au zaidi za majani yaliyokatwa kwa ajili ya watu makumi kadhaa haukuweza kuwa ila wa upande mmoja, na Mwafrika hakuingia humo ila kwa kubeba fimbo za mwingine au kuyafyeka majani yenyewe. Matokeo yake yangali machoni petu: Lubumbashi uko mtaa mzima uitwao Golf, ambao nyumba zake ni za fahari na viwanja vyake ni vya bei kubwa, na wengi wa wakaao humo hawajapata kuupiga mpira hata mmoja, wala hawaoni kuwa wamepungukiwa, kwa sababu walichokitafuta huko ni anwani.

Iwapo msomaji angali anadhani kwamba kilichotutenga na gofu ni ugeni wake, na aitazame kandanda. Nayo ililetwa na wageni; timu iliyo fahari ya Katanga nzima, TP Mazembe, iliasisiwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto katika Elisabethville ile ile iliyogawanywa. Hata hivyo Mazembe ilipoingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi mwezi Desemba 2010, ikapambana na Inter ya Milano, hapakuwa na mtu Likasi aliyeuliza mchezo huo ulibuniwa na nani, wala aliyeona kwamba anashangilia mambo ya mabosi. Sababu si siri. Mtoto wa Kikula hutengeneza mpira kwa matambara na kamba, akapata kichochoro kisicho na magari, na tayari anacho kiwanja. Lau kandanda ingalidai hekta 50, maji ya kunyweshea na mlinzi wa mlangoni, leo tungaliisimulia kama tunavyoisimulia gofu, na wenye hekima miongoni mwetu wangalitueleza kwamba miguu ya Mwafrika haikuumbiwa mpira.

Wala haikosekani shahada ya kwamba mikono ya watu waliotengwa kama sisi, ilipopata upenyo, iliuweza mchezo huo. Sewsunker Sewgolum wa Durban, aliyejulikana kwa jina la Papwa, alikuwa mbeba fimbo asiye na elimu ya shule, mwenye asili ya Kihindi katika nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi, na fimbo aliishika kinyume cha mafundisho yote, mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia. Akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akayashinda tena mwaka 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal mjini kwao, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia katika jumba la klabu, alikabidhiwa kombe lake nje, mvuani, hali wale aliowashinda wamejikinga ndani. Na kile kijiti kidogo ambacho wachezaji wa dunia nzima huuwekea mpira kabla ya pigo la kwanza kilipata hataza Marekani mwaka 1899 kwa jina la George Grant, tabibu wa meno wa Boston, Mwafrika wa Marekani, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Atakayesema baada ya haya kwamba mchezo ni wa rangi moja au wa tabaka moja, anasema kwa ukaidi, si kwa elimu.

Sasa na tuitazame mashine yenyewe, ambayo haina muujiza. Mchezaji husimama juu ya mkeka wa majani ya bandia, akauweka mpira wa kweli, ule ule usiofika gramu 46, akaupiga kwa fimbo ya kweli kuelekea pazia nene lililotandazwa mbele yake. Na kabla mpira haujaligusa pazia, rada au kamera za kasi huwa zimekwisha kupima mwendo wake, pembe unayoinukia na namna unavyojizungusha, kisha kompyuta ikakokotoa njia ambayo ungeishika angani na mahali ambapo ungeangukia, na projekta ikaionyesha safari hiyo juu ya pazia lile lile. Mahali panapohitajika ni kiasi cha chumba kikubwa, chenye dari ya mita tatu hivi na upana wa mita nne au tano. Zile hekta 50, ambazo ndizo zilizokuwa hoja yote ya kututenga, zimeingia katika kitambaa kinachokunjwa.

Ni ghushi, wasema wapenzi wa majani. Nami nawauliza: majani yao ni ya asili gani? Gofu ilizaliwa kwenye mchanga wa pwani yenye baridi na mvua. Kuyafanya majani yawe mabichi katika Katanga mwezi Agosti, wakati miombo imekauka na vumbi jekundu limeifunika barabara, ni uigizaji wa nchi nyingine unaohitaji maji mengi na watu wengi kuliko projekta yoyote. Uwanja wa Lubumbashi unaiga Uskoti kwa mabomba, na pazia linaiga Uskoti kwa mwanga. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba la pili halimnyimi mtu shamba. Mabingwa wenyewe hawana kiburi cha wafuasi wao, kwani rada za TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 2003, huzitumia katika mazoezi yao. Na mwezi Januari 2025 huko Florida ilianza ligi ya TGL, ambayo Tiger Woods na Rory McIlroy ni miongoni mwa waasisi wake, na ambamo mapigo ya mbali hupigwa ndani ya jumba juu ya pazia kubwa. Nako Korea ya Kusini, nchi ya milima yenye ardhi haba na ada nzito za viwanja, tangu kampuni ya Golfzon ilipoanza mwaka 2000 vyumba vya mapazia vimeenea mijini, ambamo karani na fundi huingia baada ya kazi, wakalipa kiasi, wakacheza, wakarejea makwao. Nakubali kwamba mashine haifundishi upepo, wala mteremko, wala ule mwendo wa kilomita nyingi kwa miguu. Lakini aliyenyimwa kitu chote hana sababu ya kuikataa nusu yake kwa kuwa si kamili.

Imebaki hoja ya israfu, iliyo hoja ya kundi la kwanza, nayo nina staha nayo, kwa kuwa hutoka vinywani mwa watu wajuao bei ya gunia la unga. Lakini karamu zetu tayari ni za kukodi: tunakodi viti, maturubai, sono za muziki, magari ya msafara, hata gauni la bi arusi, na hakuna aonaye haya. Sono hukodiwa ili mamia ya watu waketi wakisikiliza kelele wasizoweza kuzungumza juu yake. Iweje mashine inayomwinua mgeni kitini na kumpa jambo la kutenda ndiyo iitwe upotevu? Wengine hutaja umeme, na hapo wanagusa donda la kweli, maana mtambo wa Mwadingusha juu ya mto Lufira ulianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya shaba, na wa Koni ukaufuata mwaka 1950 kwa ajili iyo hiyo, na hata leo nyumba nyingi za mji huu hungoja zamu yake gizani hali viwanda vinanguruma. Lakini donda hilo halikusababishwa na projekta moja na kompyuta moja, ambazo hula umeme kidogo kuliko spika za arusi, na ambazo jenereta ile ile iliyokodiwa kwa muziki huzitosha.

Hatari ninayoiona mimi ni nyingine, nayo wala masikini wala wapenzi wa majani hawaitaji. Mashine hii ikiletwa katika ukumbi wa wakubwa peke yao, ikazungushiwa kamba, ikawekewa kijana wa kuwafukuza watoto, basi aliyeikodi amekodi ukuta pamoja na mchezo, na imani ninayoipinga itapata miaka mingine mia ya uhai. Kwa hiyo namwambia kijana wa Likasi mwenye mtaji, anayefikiri kuongeza kitu kipya juu ya viti na maturubai yake: usiuze heshima, uza mapigo. Toza franka chache kwa mipira mitano, simama kwenye kermesse, kwenye uwanja wa shule na sherehe za uhuru za 30 Juni, na mwenye karamu akitaka mashine kwa ajili ya wageni wake, mwandikie katika mapatano kwamba majirani nao watapewa saa yao. Nao wakuu wa kampuni za madini, ambao hupenda kuwatangazia wafanyakazi wao udugu kila 1 Mei kwa vinywaji na fulana, wanaweza kulipa ijara ya siku moja ili mpasua mawe na mkurugenzi wapige mpira kwa zamu juu ya mkeka mmoja, na pazia lionyeshe wazi nani kati yao ana mkono. Wakifanya hivyo, mtu wa Kikula anayo ruhusa ya kuipiga mipira yake mitano, kuirudisha fimbo, na kusema kwamba mchezo huu haumpendezi. Itakuwa hukumu yake mwenyewe, aliyoitoa baada ya kuonja, nami nitaipokea. Ile aliyoandikiwa na wengine kabla hajazaliwa siipokei, wala yeye asiipokee.