Saksofoni Iliyo Rehani

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia barua kali. Ataka kujua ni kwa nini mtu mwenye akili zake, tena aliyesomeshwa na mapadre, apoteze jioni za Jumamosi na fedha zake kwa ajili ya bendi ya jazi ya mji wetu, hali watoto wake wahitaji karo. Karo nimekwisha kuilipa, na risiti ninayo. Lakini mengine yote katika barua yake yastahili jibu.

Naliipenda jazi kabla sijajua kusoma. Babu yangu alikuwa na kinanda cha santuri cha kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri chache zilizokwaruzika, mojawapo ya Louis Armstrong. Sindano iliruka mahali pale pale kila siku, hata leo nikiusikia wimbo ule ukipita hapo bila kuruka, naona kama wapigaji wamekosea.

Shuleni nilisoma habari za bwana huyo. Alizaliwa New Orleans mwaka 1901 katika umaskini mkubwa. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola barabarani, akakamatwa, akapelekwa katika nyumba ya kuwarudi watoto wakosefu. Humo mwalimu Peter Davis alimfundisha kupiga koneti, ambayo ni namna ya tarumbeta fupi. Chombo hakikuwa chake, kilikuwa mali ya nyumba ile. Je, kama siku hiyo chombo kingalikuwa rehani dukani?

Wako wasemao kwamba jazi ni mambo ya Wamarekani tu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Ni kweli kwamba muziki wao haukuwa ule wa New Orleans. Ulifuata zaidi rumba ya Cuba iliyofika kwetu kwa santuri, wakautia maneno ya Kiswahili. Lakini jina walilichagua wenyewe, na vyombo walivipiga wenyewe. Hapa Kenya, Fundi Konde, mwana wa pwani, alikwenda Burma pamoja na kikosi cha burudani cha askari wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akarudi akawa bingwa wa gitaa. Sioni aibu kuwafuata watu kama hao.

Sasa nirudi kwa bendi yetu. Ina watu 11, miongoni mwao seremala, wauguzi wawili na mwalimu, na haina tajiri nyuma yake. Saksofoni zilikuwa mbili. Wengi hudhani kuwa saksofoni ni shaba tupu isiyodai kitu. Sivyo. Mdomoni mwake mna kijiti chembamba cha tete, nacho ndicho kiamshacho sauti. Kijiti hicho huchakaa upesi, lazima kinunuliwe kingine. Tena matundu yake huzibwa kwa vijito vidogo vya ngozi. Vikipasuka, pumzi huvuja na mpigaji hujitesa bure. Gharama hizi zilikwenda pamoja na kodi ya chumba cha mazoezi, hata mwezi wa Desemba wazee wa bendi wakaiweka saksofoni moja rehani. Tangu hapo kijana aliyekuwa akiipiga huja mazoezini vile vile, huketi kando, akichezesha vidole magotini.

Na deni lilitoka wapi? Lilitoka kwetu sisi wapenzi. Twawaalika arusini, twawalisha pilau, twawapigia makofi, kisha twawaambia kuwa wao ni ndugu zetu. Mimi mwenyewe mwaka juzi, katika arusi ya dada yangu, niliwapa nusu ya malipo tuliyopatana, nikaahidi nusu ya pili mwisho wa mwezi. Sikuipeleka. Muda wote huo nimejiita mfadhili wa bendi, kumbe ni mdeni wake. Barua ya msomaji wangu ndiyo iliyonikumbusha, ingawa hakukusudia hivyo.

Jumatatu nilipeleka fedha zile. Zimebaki shilingi 8,000 kuikomboa saksofoni, na mwenye duka amekubali kungoja hadi mwisho wa mwezi. Jumamosi ijayo, saa 1 usiku, patakuwa na dansi, na kiingilio ni shilingi 200. Namkaribisha msomaji aliyeniandikia aje aketi karibu nami. Kiingilio atalipa mwenyewe.